Sahani ya Maji na Kengele ya Ng'ombe

Vijana wangu wa maabara, siku ya kuniaga mlinipa khanga, ndoo ya asali na daftari tupu. Khanga nimeivaa, asali imefika nusu, na daftari limekaa juu ya kabati mwezi mzima likinisuta. Mlisema niandike ya kazini. Nilidhani sina la kuandika, maana kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna kinachotokea: chombo kisitikisike, taa isizimike, kioo kisipasuke. Siku ikiisha bila tukio lolote, nilijua nimefanya kazi vizuri. Lakini wiki iliyopita, kwenye mkutano wa biofizikia, kuna mtu aliniuliza swali moja, na tangu hapo kalamu haitaki kukaa chini. Habari za vyeo na mishahara nimeziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi nikiwa na viatu vipya vya kisigino, ambavyo nilivinunua ili nionekane msomi. Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya chuo, hapa hapa Singida mjini, chenye madirisha mawili na hadubini moja iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufumwa, kama redio ya sebuleni. Mtu akiniuliza biofizikia ni nini, huwa namwambia ni fizikia ya vitu vyenye uhai: namna damu inavyopita, namna msuli unavyovuta. Ndugu zangu kule Issuna walisikiliza maelezo hayo kwa makini, kisha kaka yangu akauliza kama nitaweza kumpima ng'ombe wake na kumwambia atazaa lini.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Msengi, Mnyiramba wa Sekenke, mfupi, aliyefunga vifungo vyote vya koti lake la kazi hata wakati wa joto. Ujanani aliwapimia dhahabu wachimbaji wadogo kwa mizani ya vibakuli viwili, na huko ndiko alikojifunza kuuchukia mtikisiko. Mtu akipiga chafya karibu na mizani, alikuwa akisema, kuna nyumba inalala na njaa.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia siku hiyo ya kwanza.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Issuna."

"Baba yako nani?"

Nikamtajia. Akaniuliza habari za baba, za mama, za mifugo, za mvua, na kama kisima cha kule bado kinatoa maji. Yote hayo nimesimama juu ya visigino. Alipomaliza alichukua sahani nyeupe ya bati, akaijaza maji, akaiweka juu ya meza chini ya taa.

"Kaa hapa. Itazame taa ndani ya maji. Ikitulia, niite."

Nilikaa. Taa ndani ya maji ilikuwa inacheza. Ilicheza saa tatu, ikacheza saa nne, ikacheza saa tano. Nilijaribu kushikilia meza kwa mikono miwili. Nilijaribu kutohema. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na kinu cha kukamua alizeti, nacho kilikuwa kinanguruma tangu asubuhi, ila mimi nilikuwa nimeshazoea kelele zake bila kuzifikiria. Ilipofika saa saba, ghafla taa ikasimama katikati ya sahani, mviringo kabisa. Nikamwita.

"Umeona nini?" akauliza.

"Nimeona kwamba jirani ameenda kula."

Alicheka hadi akafungua kifungo kimoja. Nilikuja kujua baadaye kwamba wasaidizi wawili waliopita walimwambia taa ilikuwa imetulia tangu asubuhi, wakidhani ndilo jibu alilotaka. Viatu nilivivua mchana huo na sikuvivaa tena kazini.

Kinu kile ndicho kilikuwa ugonjwa wetu mkubwa kwa miaka. Msimu wa alizeti ukianza, hadubini haikuwa na kazi. Ukiweka tone la damu, chembe zote zinacheza ngoma. Tulijaribu mablanketi chini ya miguu ya meza. Tulijaribu mbao. Mzee Msengi alikwenda mwenyewe kumwomba mwenye kinu apumzishe mashine kwa saa mbili kila asubuhi. Alikaa huko hadi adhuhuri na kurudi na dumu dogo la mafuta, amefurahi sana.

"Amekubali?" nikamuuliza.

"Hatukufika huko," akasema. "Mjomba wake alikuwa Sekenke. Mtu mzuri sana yule."

Dawa tulikuja kuipata wenyewe, na ninaiandika hapa kwa utaratibu kwa sababu kuna wakati mtaihitaji. Chukua mipira ya ndani ya magurudumu ya toroli, minne, uijaze upepo nusu tu. Juu yake weka sanduku la mbao lililojaa mchanga mkavu uliochekechwa. Juu ya mchanga laza bamba la jiwe, haya haya mawe yetu ambayo Singida imejaa kila kona, zito kiasi cha watu wanne kulibeba na kugombana. Sawazisha kwa pimamaji. Kisha usiamini pimamaji: weka sahani. Tulihangaika nayo msimu mzima, maana upepo ukizidi jiwe linayumba, na ukipungua mtikisiko unapanda kama kawaida. Siku taa ilipotulia ndani ya sahani huku kinu kinanguruma, Mzee Msengi alikwenda kukaa nje kwenye ngazi peke yake, na mimi nikajifanya nasafisha dirisha.

Ndipo akanikabidhi stopwochi yake, ile ya chuma yenye kamba ya kiatu. Alinipa pamoja na sharti moja. Ukishaweka tone chini ya hadubini, usibonyeze. Chembe bado zinaelea, bado zinazunguka, kila moja inatafuta pa kukaa. Ukibonyeza wakati huo unahesabu fujo. Subiri zitulie, ndipo muda uanze. Nilisubiri hivyo kila siku ya kazi yangu, na nilijivuna kwamba nikishabonyeza, sipitishi hata nusu sekunde.

Sasa niingie kwenye mikutano. Kila baada ya miaka kadhaa watu wa biofizikia walikutana katika mji mmoja au mwingine, na mimi nilikwenda na masanduku. Mchana kulikuwa na hotuba na projekta, watu wanasinzia kwa heshima. Uhai wa mkutano ulikuwa jioni. Kuanzia saa kumi na moja zilianza warsha: hapa watu wanajifunza kuvuta kimrija cha kioo juu ya moto hadi kiwe chembamba kuliko unywele, pale wanajifunza kuosha lenzi bila kuikwaruza, kule mtu mzima mwenye mvi anashikwa mkono na binti wa miaka ishirini na mitano ili asivunje kimrija cha tano. Nilizipenda jioni zile. Niliandaa meza, nikaosha vioo, nikaokota miwani iliyosahauliwa. Beji yangu haikuwa na jina. Ilikuwa imeandikwa MSAADA.

Baada ya warsha kulikuwa na kipindi cha kujuana. Viti vinapangwa safu mbili zinazotazamana, kila mtu anakaa na mtu asiyemfahamu kwa dakika tatu, anasema anafanya nini na anatafuta nini, kengele inalia, safu moja inasogea kiti kimoja. Kazi ya kengele ilinifikia kwa sababu nilikuwa na stopwochi, na kwa sababu hakuna msomi aliyetaka kuonekana anamkatiza profesa. Kengele yenyewe ilikuwa ya ng'ombe, nilimwomba kaka yangu. Ng'ombe aliyekuwa anaivaa alikufa kwa uzee, na kaka alinikabidhi kama mtu anayetoa urithi.

Nilipiga kengele ile miji mingi. Watu walijitambulisha haraka haraka, wakapeana kadi, wakasogea. Kisha mkutano ukaja nyumbani, hapa Singida.

Mwaka ule tulikuwa na Helena pale maabara. Alikuwa mkufunzi msaidizi, binti wa Kinyiramba kutoka Mkalama, mpole, mwenye mikono ambayo Mzee Msengi angeipenda. Alikuwa anachunguza damu ya watoto wenye selimundu. Alikuwa anapitisha chembe nyekundu kwenye kimrija chembamba na kutazama zipi zinajikunja na kupita, na zipi zinakakamaa na kuziba njia. Mtoto wa dada yake alikuwa na ugonjwa huo, na nadhani kila chembe iliyokwama aliiona ina jina. Shida ilikuwa kamera. Chembe zinapita upesi, na hadubini yetu haikuwa na kamera ya kuziwahi. Chuo kilikuwa kimempa hadi mwisho wa muhula. Akikosa mahali pa kupimia, utafiti unafungwa, naye anarudi kufundisha sekondari. Kamera ya namna ile, kwa ukanda wetu, alikuwa nayo mtu mmoja tu, Profesa Yona, Mnyaturu wa Ikungi aliyefundisha kwenye chuo cha mji mwingine, naye alikuwa anakuja mkutanoni kwa jioni tatu.

"Utamwambia jioni ya kwanza kabisa," nilimwagiza Helena.

"Nitamwambia, mama."

Jioni ya kwanza ukumbi ulijaa watu wa kwetu: wauguzi kutoka Iramba, walimu wa Ikungi, watu wa maabara za vituo vya afya. Nikabonyeza stopwochi, wakaanza. Shikamoo. Marahaba, hujambo? Sijambo. Habari za huko? Za huko nzuri, mvua vipi? Wazazi wazima? Upande gani wa Iramba? Basi utamfahamu fulani. Dakika tatu zikaisha, nikapiga kengele. Wakasogea kiti kimoja, wakaanza upya. Shikamoo. Kwa saa nzima niliwapigia kengele, na kufikia mwisho kila mtu ukumbini alijua afya ya wazazi wa kila mtu, na hakuna aliyejua mwenzake anafanya kazi gani.

Helena alimfikia Profesa Yona. Niliwaona. Profesa alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, naye aligundua kwamba aliwahi kufundisha shule moja na baba mdogo wa Helena. Alifurahi hadi akampigapiga begani. Nami, kwa ule uhodari wangu wa nusu sekunde, nikapiga kengele.

"Umemwambia?" nilimuuliza Helena alipopita karibu yangu.

"Bado, mama. Hajaniuliza."

"Sasa kwa nini usiseme?"

"Ningeanzaje? Mzee ananiuliza habari za nyumbani, mimi nimwambie nataka kamera?"

Nilimwelewa, maana mimi pia nimelelewa hivyo. Mdogo anasalimia na kusubiri aulizwe. Ukilitaja hitaji lako kabla mkubwa hajakuuliza, umemfanya aonekane mchoyo na wewe umejionyesha huna adabu.

Mratibu wa mkutano alikuwa Dokta Beatrice, kijana kutoka Dar es Salaam, mtu mwema mwenye haraka. Alinifuata nikiwa nakusanya vikombe.

"Mama, watu wanasalimiana tu! Dakika tatu zote!"

"Ndiyo, dokta. Na hawajamaliza."

Jioni ya pili alichukua kipaza sauti mwenyewe. Akasema leo tunakwenda moja kwa moja, jina, mahali pa kazi na utafiti, salamu zote mtapeana kwenye chai. Nikabonyeza. Jamani, ukumbi ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Muuguzi mmoja alikaa mbele ya mwalimu mstaafu aliyemzidi miaka thelathini, akafungua mdomo, akaufunga, akatazama huku na huku, kisha nikamsikia ananong'ona, "Shikamoo," kama mtu anayeiba. Helena alipofika mbele ya Profesa Yona alitaja jina lake, akashindwa kuendelea, akatazama viatu. Profesa alitoa leso akafuta miwani hadi kengele ilipolia.

Baadaye nilimpelekea maji ya kunywa, maana kila jioni aliniomba mimi.

"Asante, mama wa kengele," akasema. "Hivi hawa watoto wamekasirishwa na nini leo?"

Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Helena alikuwa anaosha vioo kwa kasi kuliko ilivyohitajika. Alisema pengine sekondari si mbaya. Nilimwambia anyamaze aoshe.

Siku ya tatu alasiri nilikuwa naandaa warsha ya mwisho, ya kupima chembe za damu. Mwalimu mmoja kijana alikuja mapema ajaribu. Akaweka tone, akashika stopwochi yangu, kidole tayari.

"Bado," nikamwambia. "Subiri itulie."

Nilijisikia ninavyosema. Nikakaa kwenye kiti. Miaka yote nimewafundisha watu wasianze muda wakati chembe zinaelea na kutafuta pa kukaa, halafu nimesimama jioni mbili mbele ya ukumbi mzima wa watu wangu, wanaelea, wanatafutana kwa mjomba na kwa kijiji, na mimi nimeshabonyeza. Mzee Msengi angenirudisha kwenye sahani.

Jioni hiyo viti nilivipanga mimi, na sitajifanya kwamba Helena na Profesa Yona walikutana kwa bahati. Watu walipokaa, sikubonyeza. Salamu zikaanza, sauti zikapanda, vicheko huku, mshangao kule mtu anapogundua mwenzake ni mkwe. Nilisimama na stopwochi mkononi.

"Mama, hujaanza?" Dokta Beatrice akaniuliza.

"Meza bado inatikisika, dokta."

Aliitazama meza. Ilikuwa imetulia kabisa. Akanitazama mimi, akaondoka pole pole.

Na ukweli ni kwamba utulivu unasikika, ukisikiliza. Kila raundi ilikuwa hivyo hivyo. Baada ya muda, ambao haukuwa mrefu kama alivyoogopa, sauti ya ukumbi ilishuka yenyewe. Watu walivuta viti karibu. Nilisikia mtu anasema, "Sasa, kazini unafanya nini hasa?" na hapo ndipo nilipobonyeza. Nilisikia mambo ya damu, ya maji ya visima, ya mboni za macho. Kalamu zilitoka. Dokta Beatrice alikuja kusimama karibu yangu, kisha akaniletea chai.

Raundi ya pili kutoka mwisho ilikuwa ya Helena. Profesa Yona alikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu baba yake mdogo, na walipotulia wengine wote, wao walikuwa bado wako kwenye shule ile ya zamani. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nilikuwa hatua mbili nyuma yao. Zilibaki sekunde chache Profesa aliposema, "Haya, binti yangu. Na wewe kazi yako ni ipi?"

"Ninapima chembe za damu za watoto wenye selimundu, Profesa," Helena akasema. Nikaona mabega yake yanashuka. Akaanza kueleza.

Dakika tatu zikatimia. Nikaingiza vidole viwili ndani ya kengele, nikaukamata ulimi wake, nikatazama pembeni. Tangu nikabidhiwe stopwochi ile sikuwahi kuidanganya hata mara moja. Sijui ulipita muda gani, kwa sababu sikuangalia. Najua raundi ya mwisho ilikatwa na mwenye ukumbi aliyetaka kufunga, na kwa sababu yangu mwalimu mmoja wa Ikungi hakumfikia mtu aliyekuwa anamtafuta. Nilimwomba radhi, akaipokea, lakini kosa lilikuwa kosa.

Helena alimaliza. Alilitaja hitaji lake lote, kwa sauti isiyotetemeka. Profesa Yona akavua miwani.

"Kamera ninayo," akasema. "Hadubini ninayo, nzuri. Lakini nikikukaribisha nitakuwa nakudanganya, binti yangu. Tangu tuhamie jengo jipya kando ya barabara kuu, kila lori likipita picha inacheza. Mwaka wa pili huu sijapata picha hata moja ya maana. Nimeshakata tamaa, na wakubwa wangu wanataka chumba wakifanye stoo."

"Asante, Profesa," Helena akasema, akaanza kuinuka.

Vijana wangu, dawa ya shida ile nilikuwa nayo. Jioni tatu nimempa mzee yule maji ya kunywa. Nimemwonyesha soketi, nimemwokotea miwani. Hakuniuliza mimi ni nani zaidi ya kengele, na mimi sikumwambia. Nilikuwa nimemlaumu Helena moyoni kwa kusubiri aulizwe, kumbe nami nilikuwa nimesimama kwenye foleni ile ile kwa miaka, na beji yangu ya MSAADA shingoni.

"Shikamoo, Profesa," nikasema. "Samahani naingilia. Meza yako imekaa juu ya nini?"

Akageuka. "Mama wa kengele! Imekaa sakafuni, itakaa juu ya nini?"

"Basi usiwape stoo," nikamwambia. Nikamweleza habari za mipira ya toroli, mchanga na jiwe.

Wikendi iliyofuata tulikwenda chuoni kwake, mimi na Helena. Jiwe tulilipata huko huko. Upepo wa mipira ulitushinda siku nzima, kila lori likipita sahani inachafuka, na jua lilipoanza kuteremka nilimpigia simu Mzee Msengi, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na yuko Sekenke analima uwele. Aliuliza habari za watoto wangu wote kwa majina. Aliuliza mvua. Kisha akasema, "Sasa niambie."

"Upepo, mzee. Nimesahau kiasi."

"Bonyeza kwa dole gumba. Likizama mpaka kwenye ukucha, acha."

Tukaweka sahani. Lori likapita, la mizigo, na tela lake. Taa ndani ya maji haikusogea. Profesa Yona, mtu mzima na unene wake, aliinama chini kuangalia mipira kama mtoto anayemtafuta paka. Kesho yake Helena aliweka tone la kwanza. Alisubiri. Mimi nilikuwa nimeshika stopwochi, na yeye ndiye aliyesema, "Tayari, mama." Kwenye kioo cha kompyuta chembe zikaanza kupita kwenye kimrija, moja moja, kila moja inajikunja na kujikunjua. Kisha ikaja moja iliyokakamaa, ikakwama mlangoni, na zile za nyuma zikaanza kujazana. Picha haikutikisika. Helena aliishika mikono yangu yote miwili, na mimi nililia waziwazi, sioni aibu kuliandika.

Utafiti haukufungwa. Mengine mnayajua, kwa kuwa Dokta Helena ndiye mkuu wenu sasa. Mzee Msengi aliwahi kuziona picha zile kabla hajafariki. Alizitazama kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyesawazisha meza. Sahani yake ninayo. Naiweka jikoni, lakini hakuna anayeruhusiwa kuilia.

Sasa wiki iliyopita. Mkutano ulirudi Singida, nami nikaalikwa, mstaafu wa mwezi mmoja. Nilikwenda mapema nikiwa na kengele kwenye mkoba, kwa mazoea. Mlangoni Helena aliipokea, akanivua stopwochi shingoni, akanivisha beji. Ilikuwa imeandikwa jina langu, Zainabu, herufi kubwa. Kisha akanishika mkono akanikalisha kwenye safu, kwenye kiti, mimi.

Mbele yangu alikaa mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya huko Rungwa, mwanamume wa makamo. Akanisalimia, nikaitikia. Tukaongea barabara ya Rungwa, mizinga ya nyuki, na tembo aliyeingia kwenye mahindi ya shemeji yake. Nilimuuliza kazi yake, akanieleza vizuri. Nilisikia ukumbi umetulia. Dakika tatu nazijua mwilini, sihitaji saa, na nilijua zinakaribia mwisho.

"Na wewe, mama," akasema, "kazi yako ni nini?"

Nimesimamia vipindi vya kujuana vingi kuliko profesa yeyote, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafungua mdomo kusema "nilikuwa," neno likagoma kutoka. Dakika zikatimia. Nikasubiri kengele iniokoe. Haikulia. Nikageuza shingo. Helena alikuwa amesimama ukutani, stopwochi yangu shingoni, vidole viwili vimezama ndani ya kengele ya kaka yangu, anatazama dari.

Nikamgeukia yule mtu wa Rungwa, nikavuta kiti karibu.

"Kazi yangu ni kutuliza meza," nikamwambia. "Siku ya kwanza nilipewa sahani ya maji."